Asilimia za mdomoni

Siku ya 91 niliamka mapema nikafungua laptopu, nikaingia kwenye mfumo wa hisa wa kampuni niliyokuwa nimeiacha miezi mitatu nyuma, na pale palipokuwa pameandikwa 10,833 nikakuta 0. Hata barua pepe hawakutuma. Sifuri tu imekaa pale, na pembeni yake maandishi madogo ya kijivu yanasema muda umekwisha. Miaka miwili na miezi miwili ya kazi, usiku na wikendi humo humo, imeondoka kimya kimya wakati mimi nimelala.

Naandika hii kwa sababu kila mara kuna mtu ananitumia meseji ya aina moja, nimepata ofa wanasema watanipa hisa nifanyeje, au sisi ni marafiki watatu tunaanzisha kampuni tugawane vipi, na mimi narudia hadithi ileile kwenye simu mpaka koo linakauka. Acha niiandike yote mara moja, ya mfanyakazi na ya mwanzilishi, maana nimekaa pande zote mbili na kote nimeumia. Mimi si mwanasheria wala si mtu wa kodi, na hayo mawili yanabadilika kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo mahali penye kodi tafuta mtu wa huko uliko akuelekeze.

Basi ilianza hivi. Niliingia kwenye startapu moja, yaani kampuni changa, nikiwa mfanyakazi wa tano. Mkononi nilikuwa na ofa nyingine yenye mshahara mkubwa zaidi, karibu theluthi nzima juu, lakini mkurugenzi wa hawa jamaa alikuwa na maneno matamu, akaniambia mshahara tutabanana kidogo ila tunakupa opsheni 20,000, wewe ni mtu wa mwanzo mwanzo, hii kampuni ikipaa utanikumbuka. Elfu ishirini! Masikioni ilisikika kama mali. Nikaenda kupiga hesabu za kijinga kabisa, kwamba siku moja kila hisa ikifika dola 50 mimi nina milioni. Kuna swali moja la maneno mawili sikuuliza: kati ya ngapi?

Jibu nilikuja kulipata mwaka na nusu baadaye, tena kwa bahati, kwenye slaidi ambayo nadhani haikuwa ya kuonyeshwa sisi. Hisa zote za kampuni, ukijumlisha na opsheni zilizokwishagawiwa na zile zilizotengwa, zilikuwa milioni 10. Kwa hiyo elfu ishirini zangu ni asilimia 0.2. Jumla ingekuwa milioni moja ningekuwa na asilimia 2. Karatasi ni ileile na namba ni ileile, ila mtu wa kwanza na wa pili wana maisha tofauti kabisa. Na usikubali wakupe asilimia iliyohesabiwa kwa hisa zilizokwishatolewa tu, waambie wahesabu na opsheni zote na fungu lililotengwa kwa wafanyakazi na mikataba yote itakayogeuka hisa baadaye, maana vyote hivyo siku ikifika vitakaa mezani pamoja na wewe. Ukiuliza wakakwambia hiyo ni siri ya kampuni, mimi siku hizi hizo opsheni nazihesabu ni bure, naangalia mshahara peke yake.

Kitu cha pili nilichokuwa sikijui ni kwamba opsheni si hisa. Nilikuwa natembea najiita mwenye hisa, kumbe nilikuwa na ruhusa tu ya kununua hisa kwa bei iliyofungwa siku niliyopewa. Bei yangu ilikuwa dola 1.20. Hisa ikipanda thamani mpaka dola 6 mimi nanunua kwa 1.20, hapo ndipo faida ilipo. Ikishuka mpaka senti 80 basi sinunui, sijapoteza kitu. Mpango mzuri kwa kweli, ila neno kubwa hapo ni kununua, yaani kuna siku lazima utoe pesa mfukoni.

Halafu kuna vestingi. Mimi naiita kuiva. Unapewa mkungu mzima lakini unaruhusiwa kula zile zilizoiva tu, na zinaiva kwa muda unaokaa kazini. Mkataba wangu ulikuwa ule wa kawaida unaoukuta karibu kila mahali, miaka minne, na mwaka wa kwanza hakuna kinachoiva hata kimoja, wanaita klifu. Ukifika miezi 12 zinaiva robo kwa mpigo, kwangu ilikuwa 5,000, halafu baada ya hapo kila mwezi sehemu moja ya 48, kama 416 hivi. Ukiondoka kabla ya mwaka, hata kama zimebaki wiki mbili, unaondoka mikono mitupu. Nililiona kwa macho. Mwenzetu mmoja tuliyeanza naye karibu pamoja aliachishwa kazi akiwa na miezi 11 kazini. Sisemi walifanya makusudi, sijui, ila tangu siku hiyo nikipewa mkataba naangalia kwanza hicho kipengele kinasema nini ukiachishwa bila kosa lako. Wengine wanakubali kuandika kwamba ukiachishwa hivyo ndani ya mwaka wa kwanza unapata ya miezi uliyofanya. Wengi hawakubali, lakini kuomba hakuna gharama.

Mimi nilikaa miezi 26 nikachoka, na kichwani nilishakuwa na wazo la kufanya kwangu. Nikaandika barua ya kuacha kazi, tukaagana vizuri, wakanikatia keki. Katika makaratasi ya kuondokea kulikuwa na sentensi moja kwamba opsheni zilizoiva nina siku 90 kuzinunua. Niliisoma. Nikasema siku 90 ni nyingi.

Sasa piga hesabu: 10,833 mara dola 1.20 ni kama dola 13,000. Sikuwa nazo. Nilikuwa na akiba ya miezi sita ya kula na kodi ya nyumba, na nilikuwa nimetoka kuacha kazi. Tena sehemu nyingi ukinunua tu unaweza kudaiwa kodi ya ile tofauti kati ya bei yako na thamani ya hisa siku hiyo, hapo hujauza hata moja, na huwezi kuuza kwa sababu kampuni haiko sokoni. Nikamwendea kaka yangu mkubwa kukopa. Akanisikiliza mpaka mwisho, yeye ni mtu wa kusikiliza, halafu akauliza:

"Nikikupa hizo pesa unanunua nini?"

"Hisa, kaka."

"Zinauzwa wapi nikizitaka?"

"Kwa sasa haziuzwi."

"Zitauzwa lini?"

"Haijulikani."

"Mdogo wangu," akasema, "hiyo pesa ungekuwa unataka ya hospitali ningekupa leo."

Nilikasirika, nikamwona hana upeo. Siku zikaenda. Siku ya 80 nikaandika kwa kampuni kuomba waniongeze muda, wakajibu kwa upole kwamba mpango wa kampuni hauruhusu. Siku ya 91 nimekwishaisimulia.

Hizo siku 90 nilikuja kujua chanzo chake. Sheria ya kodi ya Marekani ina aina ya opsheni zinazopata nafuu ya kodi, na ili nafuu ibaki mtu aliyeacha kazi lazima azinunue ndani ya miezi mitatu. Makampuni yakachukua huo muda yakaufanya ndio kikomo kwa kila mtu, na kampuni za nchi nyingine zikanakili mikataba ile ile bila kujiuliza kwa nini. Lakini hakuna kinachoizuia kampuni kutoa muda mrefu zaidi, ni kwamba tu ile nafuu ya kodi inapotea kwa anayehusika nayo. Pinterest, ile kampuni ya mtandao wa picha, mwaka 2015 walitangaza kuwa waliofanya kazi miaka miwili na zaidi watapewa hadi miaka saba. Kwa hiyo inawezekana, ila pa kuiomba ni siku ya ofa, wakati wanakutaka. Ukishaandika barua ya kuacha kazi huna tena cha kushikia.

Haya, nikaanzisha yangu. Tulikuwa watatu, marafiki wa siku nyingi. Tuligawana jioni moja tu, karatasi ya daftari, theluthi theluthi, tukapeana mikono. Tulipoenda kusajili tukatoa hisa milioni 9, kila mtu milioni 3, zake moja kwa moja, hakuna kuiva wala nini. Na mimi ambaye nimetoka kuungua na vestingi upande wa pili, sikuitaja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sehemu moja ni kwamba nilishaichukia, niliiona ni mtego wa mabosi kwa wafanyakazi. Sehemu nyingine ni aibu, yaani kumwambia rafiki yako tuandike ukiondoka itakuwaje ni kama kumpimia mtu sanda angali mzima.

Mwezi wa nane tangu tuanze mmoja akaondoka. Wala hakuwa mtu mbaya, alipata kazi ya maana, ana familia, na sisi tulikuwa hatulipani chochote. Alituaga vizuri. Ila milioni 3 zake zikabaki zake, theluthi ya kampuni, na sisi wawili tukaendelea kukesha tukimjengea mtu aliyelala. Mwanzoni tulikuwa tunatania. Kufika mwaka wa pili nilikuwa siwezi kulisikia jina lake.

Kilichotuamsha ni mwekezaji mmoja, dada mmoja makini sana, alikuja kwenye kikao akafungua jedwali letu la hisa akashuka nalo kwa kalamu mstari kwa mstari. Akafika kwa jamaa.

"Huyu ni nani?"

"Alikuwa mwenzetu."

"Alikuwa?"

Akaweka kalamu chini. Kikao kiliendelea dakika 20 zingine lakini hiyo kalamu hakuiokota tena. Alituandikia kesho yake kwamba anaipenda biashara, ila hawezi kuweka pesa mahali ambapo theluthi ya mali inashikwa na mtu asiyefanya kazi, maana kila hisa ambayo angetupa motisha sisi au kuajiria watu wapya imelala kwake. Turekebishe kisha tumtafute.

Tukamtafuta wakili, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo. Nikaanza kumweleza kwamba tulikubaliana wazi kabisa kuwa hisa ni za wanaofanya kazi. Akanikatiza: "Kijana, hayo makubaliano yameandikwa wapi?" Nikanyamaza. Halafu akauliza kitu ambacho kilinifanya tumbo likoroge: zile programu alizoandika huyo mwenzenu miezi ya mwanzo, kuna hati aliyosaini kwamba ni mali ya kampuni? Hakuna. Hatukuwahi kusainishana. Kwa hiyo jamaa hakushika theluthi tu, alikuwa na hoja ya kushika na msingi wa bidhaa yenyewe. Hii watu wanaisahau sana kuliko hata hisa, na ni karatasi fupi mno, kila mtu anayegusa kazi ya kampuni asaini kwamba anachokitengeneza ni cha kampuni, mwanzilishi, mfanyakazi, hata yule wa kibarua aliyechora nembo.

Mazungumzo yalichukua miezi mitano. Sitaki kusimulia yote, kulikuwa na simu za usiku na maneno ambayo hayakupaswa kusemwa, mengine niliyasema mimi. Mwisho alikubali kubaki na hisa 750,000, akarudisha 2,250,000, na akasaini ile hati. Mawakili peke yao walitukula dola 4,200 kwa jambo ambalo siku ya kwanza lingekuwa kurasa mbili. Urafiki haukurudi.

Nikuambie ingekuwaje tungefanya sawa. Waanzilishi kwa kawaida hawapewi opsheni, wanapewa hisa zenyewe mwanzoni kabisa wakati hazina thamani, tuseme kwa dola 0.0001 kila moja, kwa hiyo milioni 3 zinakugharimu dola 300. Halafu mnaandika kwamba mtu akiondoka, kampuni ina haki ya kuzinunua zile ambazo hazijaiva kwa bei hiyohiyo aliyolipa. Jamaa angeondoka mwezi wa nane kabla ya klifu angerudishiwa dola 300 zake, sote tungesikitika wiki moja, tukaendelea kuwa marafiki. Na kama unalipa kodi Marekani kuna jambo moja la kushika kama dawa: ukipewa hisa za namna hiyo zenye kuiva, una siku 30 tangu upewe kupeleka fomu ya kifungu 83(b) kwa watu wa kodi, kuwaambia unataka utozwe sasa hivi zikiwa hazina thamani badala ya kutozwa kila zinapoiva. Zikipita hizo 30 hakuna kubembeleza. Mtu anaweza kujikuta anadaiwa kodi kila mwezi kwa hisa asizoweza kuuza.

Baada ya jamaa kurudisha, hisa zilibaki 6,750,000. Sisi wawili asilimia 44.4 kila mmoja, yeye 11.1. Nikajiona tajiri tena, na ndipo nikafanya kosa langu la hesabu.

Pesa ya kwanza tuliyochukua ilikuwa kwa SAFE. Ni mkataba mfupi uliotolewa mwaka 2013 na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye kampuni changa. Mtu anakupa pesa leo, si mkopo, hakuna riba wala tarehe ya kurudisha, na siku mkija kuuza hisa kwa bei iliyopangwa kwa mwekezaji mwingine basi yeye naye pesa yake inageuka hisa, kwa kikomo cha thamani mlichokubaliana, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa zake. Uzuri wake ni kwamba unaisha haraka. Ubaya ni huohuo, unasaini dakika kumi na huoni damu. Tulichukua 150,000 kwa kikomo cha milioni 1.5, miezi sita baadaye tukachukua 100,000 kwa kikomo cha milioni 2. Mimi kichwani nikajua huyu wa pili akiingia atamega kidogo kwa kila mtu, pamoja na yule wa kwanza. Kumbe SAFE walibadilisha mwaka 2018, toleo linalotumika sasa kikomo kinahesabiwa pesa za SAFE zote zikiwa ndani tayari. Maana yake wa kwanza ana asilimia 10 yake, wa pili 5 yake, hawamegani wao kwa wao, zote 15 zinatoka kwetu waanzilishi. Ukisaini SAFE tano unajimega mara tano, wao wanatazamana tu. Kila unaposaini moja igawe tu, pesa kwa kikomo, uandike ukutani.

Yule dada mwekezaji alirudi. Akaleta karatasi ya masharti: dola milioni 1, thamani ya kampuni kabla ya pesa yake milioni 4. Tulirukaruka ofisini kama watoto. Milioni nne! Usiku nikakaa na Ekseli. Milioni 1 juu ya 5, kwa hiyo yeye asilimia 20, sawa. Lakini chini kulikuwa na mstari kwamba kuwe na fungu jipya la hisa za wafanyakazi asilimia 10, na fungu hilo lihesabiwe ndani ya ile milioni 4. Asilimia 10 ya milioni 5 ni laki tano, kwa hiyo thamani ya kilichokuwa kwetu kiukweli ilikuwa milioni 3.5. Hiyo ni kawaida, wala si wizi, lakini fungu likiwa kubwa kuliko mnavyohitaji kuajiri ndani ya mwaka na nusu hivi, mnamezeshwa bure, kwa hiyo nendeni na orodha ya watu mnaotaka kuajiri na mjadiliane kwa hiyo orodha.

Ikabaki asilimia 70. Wenye SAFE wakachukua 15 kwa mia ya hiyo, yaani 10.5. Tukabaki waanzilishi na 59.5, na yangu mimi nikiitafuta ikatoka 26.4. Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani nimekosea fomula. Kutoka 44.4 mpaka 26.4 na sijauza hata hisa moja, idadi ni ileile milioni 3. Sikujuta kuchukua pesa, bila pesa hakuna kampuni, nilichojuta ni kutopiga hiyo hesabu miezi kumi nyuma, kabla ya sahihi ya kwanza.

Na kwenye karatasi hiyohiyo kulikuwa na sharti lililonipandisha presha: hisa zetu waanzilishi ziwekwe kwenye kuiva upya. Kampuni niliyoizaa mimi, leo nazichuma hisa zangu kama mwajiriwa! Nikampigia mwenzangu simu nikifoka, yeye akacheka sana. "Wewe si ndiye ulikuwa unamlaani jamaa mwaka mzima? Sasa na wewe ukiondoka mwezi ujao mimi nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Kweli ilikuwa inanilinda mimi dhidi yake na yeye dhidi yangu, mwekezaji aliingia tu katikati.

Ila hukubali kama lilivyo. Tulijadiliana tukapata robo ihesabike imeiva tayari kwa muda tuliokwishafanya, iliyobaki iive kwa miezi 36. Tuliomba pia kwamba kampuni ikinunuliwa na mnunuzi akatuachisha kazi bila kosa, zilizobaki ziive zote hapo hapo, wakakubali, maana lazima mambo mawili yatokee kwa pamoja. Kilichotaka kutupita ni tafsiri ya mtu anayeondoka vibaya. Rasimu ilisema ni aliyeiba, aliyedanganya, au aliyeacha kazi kwa hiari yake, na huyo anapoteza mpaka zilizoiva. Soma tena hapo mwisho. Yaani baada ya miaka mitatu ukiumwa ukaamua kupumzika unahesabika sawa na mwizi. Mama wakili aliizungushia duara la kalamu nyekundu bila kusema neno, tukakifuta hicho kipande.

Wakati tunamalizia hayo, nikapigiwa simu na mtu niliyefanya naye kazi kwenye ile kampuni ya kwanza. Imeuzwa, akasema. Moyo ukapiga. Nikajua sasa naenda kuambiwa 10,833 zangu zingekuwa shilingi ngapi. Akasema wameuza kwa dola milioni 9, na wawekezaji kwa miaka yote walikuwa wameweka milioni 11. Wao wana haki ya kurudishiwa kwanza pesa zao kabla ya mwenye hisa za kawaida kuguswa. Milioni 9 zikaishia humo. Yeye alikuwa amezinunua zake ndani ya siku 90, alitoa karibu dola 8,000, akapata sifuri. Nilikaa na simu sikioni sijui niseme nini. Kwa miaka miwili nilikuwa namlaumu kaka yangu moyoni kwa kuninyima dola 13,000. Nikamwambia pole, na nilimaanisha, lakini chini ya hiyo pole kulikuwa na nafuu ambayo sikujivunia.

Baada ya hiyo simu ndipo nilipokaa kusoma sharti hilo la mwekezaji kurudishiwa kwanza kwenye karatasi yetu, nililokuwa nimelipita kwa sababu halina asilimia ndani yake. La kwetu lilikuwa la kurudishiwa alichoweka mara moja tu, bila kuzidisha, na la kuchagua: tukiuza, mwekezaji achukue ama pesa yake aliyoweka ama sehemu yake kama mwenye hisa wa kawaida, si vyote. Tukiuza kwa milioni 4, asilimia 20 ni laki nane, basi atachukua milioni yake moja na tutagawana tatu. Kuna aina nyingine ambapo anachukua milioni yake kisha anarudi mezani na asilimia 20 ya kilichobaki, hapo anaondoka na milioni 1.6 kwa asilimia zilezile. Watu wanagombana wiki nzima juu ya thamani ya kampuni halafu hili wanalisaini wakiwa wamechoka.

Siku hizi ndio mimi naandika ofa. Naweka idadi ya opsheni, jumla ya hisa zote, asilimia, bei ya kununulia, na muda wa kununua baada ya kuondoka, tumeweka miaka mitano, na wakili akaongeza mstari wa kumwonya anayehusika na kodi ya Marekani kuhusu ile miezi mitatu. Nilikuwa najivunia sana hiyo barua. Mtu wa kwanza kuipokea alikuwa dada mmoja fundi wa programu, akaisoma mbele yangu taratibu mpaka mwisho, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Bosi, mkiuzwa kwa pesa ndogo kuliko mlizochukua, mimi napata nini?"

"Hupati kitu."

"Basi ongeza mshahara."

Tukaongeza. Opsheni akachukua nusu.